Karatasi ya usingizi: kisa cha Mona katika tamthilia ya Riget

Ukiwauliza waliotazama Riget ni nini kiliwatisha, wengi watakutajia lifti. Mgonjwa mmoja mtu mzima, Bi Sigrid Drusse, yumo ndani ya lifti ya hospitali na anasikia mtoto akilia ndani ya shimo la lifti, mahali ambapo mtoto hawezi kuwapo. Wengine watakutajia gari la wagonjwa linalofika usiku bila dereva. Mimi kilichobaki kichwani mwangu ni binti mdogo aliyekaa kitandani mchana kweupe, mama yake yuko pembeni. Anaitwa Mona. Aliingia thieta kufanyiwa upasuaji, akatoka ubongo wake umeharibika. Daktari aliyemfanyia anajua nini kilitokea, wenzake wanajua, na ipo karatasi inayoeleza. Mama peke yake ndiye haambiwi.

Nataka kukichambua kisa hicho tu, nikiiacha mizimu kando kadiri inavyowezekana, kama tunavyokaa kupitia kesi iliyoharibika: nini kilitokea, nani alijua, karatasi ilikwenda wapi.

Kwa asiyeifahamu: Riget ni tamthilia ya Denmark. Televisheni ya taifa ya huko, DR, ilianza kuirusha Novemba 1994 ikiwa na vipindi 4, vikafuata vingine 4 mwaka 1997, na 5 vya kufungia mwaka 2022. Aliyeibuni na kuiongoza ni Lars von Trier, akishirikiana na Morten Arnfred katika uongozaji na Niels Vørsel katika uandishi. Jina lake maana yake ni Ufalme, na ndivyo Wadenmark wanavyoifupisha Rigshospitalet, hospitali kubwa ya rufaa iliyopo kweli jijini Copenhagen. Picha zake zina rangi ya kahawia iliyofifia, kamera inashikwa mkononi na kuyumbayumba, kana kwamba mtu amejipenyeza wodini na kuanza kurekodi kabla hajafukuzwa. Muonekano huo unakisaidia sana kisa cha Mona. Hakuna muziki wa kukuandaa wala mwanga wa kukuelekeza. Unamkuta tu pale, kama unavyowakuta wagonjwa.

Daktari mwenyewe ni Stig Helmer, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Sweden, ameigizwa na Ernst-Hugo Järegård. Ni mgeni idarani, anajiona yuko juu ya kila mtu, na anawachukia Wadenmark. Mona ni mgonjwa wake. Baada ya upasuaji kwenda vibaya, swali linalozunguka idara nzima ni moja: ripoti ya usingizi ya siku ile, yaani kumbukumbu ya dawa za kumlaza mgonjwa na hali yake wakati wa upasuaji, iko wapi? Maana ripoti hiyo ikionekana, Helmer hana pa kusimama.

Mtazamaji wa kawaida anaweza kuichukulia ripoti hiyo kama kisingizio cha kuwakimbiza watu huku na huku, kama mfuko wa pesa katika sinema za majambazi. Mtu wa thieta haoni hivyo. Aliyeandika hadithi hii aliuchagua waraka wenyewe hasa, na hapa nitakaa kidogo.

Karatasi ya usingizi ni karatasi moja yenye miraba midogo. Juu kuna jina la mgonjwa, umri, uzito, aina ya upasuaji na majina ya waliokuwamo chumbani. Chini yake muda unatembea kutoka kushoto kwenda kulia, mraba mmoja ni dakika 5. Presha inachorwa kwa alama mbili, moja inaelekea chini na nyingine inaelekea juu, na mapigo ya moyo ni nukta katikati yake. Kuna mstari wa oksijeni, mstari wa gesi, mstari wa dawa na saa zilipochomwa, mstari wa maji yaliyoingia na damu iliyopotea. Mambo yakienda sawa, nukta zinajipanga kama shanga kwenye uzi. Yakiharibika, hata asiyejua kusoma chati ataona pale uzi ulipokatika.

Na mwandiko nao unasema. Nimekaa kichwani pa mgonjwa, upande ule wa pazia ambao mpasuaji hauoni, kwa miaka ya kutosha kulijua hili. Mgonjwa akiwa shwari, mtu wa usingizi anaandika herufi nzuri zinazosomeka. Mgonjwa akibadilika, kalamu inawekwa chini kwa sababu mikono ina kazi nyingine: kufungua oksijeni yote, kukagua mpira wa kupumulia, kuvuta dawa kwenye sindano, kumwambia mpasuaji asimame. Mstari unabaki wazi. Baadaye, jasho likishakauka, mtu anarudi kuujaza kwa kumbukumbu, na nukta zinazoandikwa kwa kumbukumbu zinakuwa zimenyooka kupita kiasi. Mraba mtupu ni ushahidi, na mraba uliojazwa vizuri mno ni ushahidi vilevile.

Ubongo ni kiungo kisichosubiri. Ukikosa oksijeni kwa dakika 4 hadi 6 unaanza kudhurika kwa namna isiyorudi. Kwa hiyo, katika karatasi ya mraba wa dakika 5, maisha yote ya mtoto yanaweza kuwa ndani ya mraba mmoja. Nani alikuwa anafanya nini katika mraba ule? Nani aliambiwa asimame, akasimama au akaendelea? Faili zima la mgonjwa linaweza kuandikwa upya kwa lugha ya kistaarabu ya madaktari, lakini karatasi ile iliandikwa dakika kwa dakika, na mtu ambaye si mpasuaji. Ndiyo maana Helmer anaiogopa kuliko anavyomwogopa mama wa Mona, na kuliko mizimu yote iliyomo ndani ya jengo lile.

Kuna jambo jingine hapa, na sijui kama waandishi wa Riget walilikusudia au limetokea tu. Chati ya usingizi ilizaliwa mikononi mwa mtu wa ubongo. Mwaka 1894 wanafunzi wawili wa udaktari jijini Boston, Harvey Cushing na Ernest Amory Codman, walianza kuandika mapigo ya moyo na pumzi za wagonjwa wakati wakiwapa etha, dawa ya kuwalaza. Zamani hizo kazi ya usingizi ilikuwa inaachiwa mwanafunzi yeyote aliye karibu, na Cushing alikuwa ameshuhudia mgonjwa akimfia mikononi chini ya etha. Badala ya kukaa kimya akachukua kalamu. Mwaka 1901 akatoka Italia na kifaa cha kupimia presha, na presha nayo ikaingia kwenye chati. Mtu huyo ndiye baadaye alikuja kuwa baba wa upasuaji wa ubongo wa kisasa, fani ileile ya Helmer. Waraka ambao Helmer anataka upotee ulianzishwa na mwalimu wa walimu wake, kwa sababu ya mgonjwa aliyekufa.

Mwenzake Codman alikwenda mbali zaidi. Alifungua hospitali yake ndogo na kuamua kumfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho, kisha kuchapisha makosa yake mwenyewe. Kati ya 1911 na 1916 waliruhusiwa wagonjwa 337, naye akaorodhesha makosa 123. Aliwataka wenzake wafanye hivyohivyo; wakamtenga. Nikimtazama Helmer akihangaika, nakumbuka kwamba katika kazi hii aliyetengwa alikuwa yule aliyesema.

Tuwarudie watu wa kesi yetu.

Mkuu wa idara ni Dkt. Moesgaard, ameigizwa na Holger Juul Hansen. Ni mtu mpole, anacheka na kila mtu, hapendi ugomvi. Ameanzisha kampeni anayoiita Operesheni Hewa ya Asubuhi, ya kuleta moyo mpya wa uwazi na uhusiano mwema kati ya wahudumu na wagonjwa. Kila mkutano wa asubuhi anaikumbushia. Katika wodi hiyohiyo Mona yupo, mama yake yupo, na katika mikutano hiyohiyo kesi yake haijadiliwi kama inavyopasa. Moesgaard hanichekeshi, ingawa najua aliumbwa achekeshe. Ananiuma. Wakubwa wa aina ya Helmer ni wachache, na mtu huwatambua mapema. Wa aina ya Moesgaard ni wengi, tunawapenda, na ndio wanaomfanya Helmer awezekane. Hakuharibu kitu kwa mkono wake. Anachotaka ni amani idarani, na amani hiyo analipiwa na familia moja.

Kisha kuna chama cha siri. Madaktari wakubwa wa hospitali wana chama chao cha kindugu, chenye viapo na vyumba vya chini, na Moesgaard anampeleka Helmer aingizwe. Katika tamthilia sehemu hii imekuzwa mpaka ikawa kichekesho, na mtazamaji anaweza kusema hospitali halisi hazina mambo hayo. Viapo na mavazi havipo, sawa. Lakini ule mkono unaomfunika mwenzio kwa sababu kesho atakufunika wewe hauhitaji chumba cha chini. Unatosha ukutani pa thieta, wakati wa kunawa mikono.

Daktari wa usingizi tunayemfahamu zaidi ni Rigmor Mortensen, ameigizwa na Ghita Nørby, naye ni mpenzi wa Helmer. Waandishi wangeweza kumfanya mpenzi wake awe nesi, au mwandishi wa idara, au mtu wa nje kabisa. Wamemfanya awe daktari wa usingizi, mtu wa fani ambayo karatasi yake ndiyo inayotafutwa. Kwa hilo wamegusa uhusiano mgumu kuliko wote thieta. Mtu wa usingizi ndiye shahidi wa mpasuaji, na papo hapo anamtegemea: kwa ratiba, kwa barua ya sifa, kwa kuitwa tena kesho. Ukiongeza mapenzi juu yake, shahidi amekwisha.

Hapa niseme jambo langu. Nilipokuwa bado kijana kazini, mpasuaji mmoja mkubwa aliniomba "niinyooshe kidogo" chati ya mgonjwa ambaye presha yake ilishuka wakati wa upasuaji na kukaa chini kwa muda mrefu. Hakunitisha. Aliniwekea mkono begani, akaniita mdogo wangu. Nilibaki nimesimama na kalamu mkononi, nikitazama miraba mitatu. Sikuigusa chati, na kwa miaka nilijisifu kimoyomoyo kwa hilo. Lakini pia sikumwambia mtu yeyote kwamba niliombwa. Karatasi iliingia faili ikiwa safi na ya kweli, faili likaenda masjala, na ndugu wa mgonjwa yule hawakuwahi kujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Nilikuja kuelewa nilichofanya nilipomwona mama wa Mona akikaa pale kitandani.

Kwa sababu hiyo simpi Krogshøj sifa ambazo watazamaji wengi wanampa. Krogshøj, ameigizwa na Søren Pilmark, ni daktari kijana mwenye akili na huruma. Anaishi kwa siri chini ya hospitali, anaendesha soko lake la vifaa, na anajua uchafu wa kila mtu. Anamchukia Helmer, na ripoti ya Mona anaitafuta hasa. Wakati Helmer anajipenyeza masjala usiku ili aipoteze, Krogshøj anafanikiwa kupata nakala. Mtazamaji anashangilia. Lakini angalia inavyotumika: nakala inakuwa kamba ya kumfunga Helmer, silaha katika ugomvi wa madaktari wawili. Aliye nayo anamtawala asiye nayo. Karatasi ya Mona imekuwa mali. Njia ya kutoka masjala hadi kitandani kwa Mona ni ngazi chache na korido moja, lakini hadithi inatuonyesha karatasi ikizunguka kati ya wenye makoti meupe.

Usiku wa mwisho wa msimu wa kwanza nyuzi zote zinakutana chini ya jengo, na usiku huohuo waziri wa afya amekuja kutembelea hospitali. Moesgaard anamtembeza kwa fahari. Ni tukio lenye vurugu ya makusudi na limepangwa kwa ustadi mkubwa. Mimi nililitazama nikijiuliza kama kuna mtu yeyote, katika msafara ule mzima, atakayefungua mlango wa chumba cha Mona.

Nilisema nitaiacha mizimu kando. Mmoja siwezi kumwacha. Mtoto anayelia kwenye shimo la lifti ni Mary Jensen, aliyeuawa mwaka 1919 kwa gesi ya klorini na baba yake, Dkt. Aage Krüger, ili isijulikane kwamba ni mtoto wake wa nje. Bi Drusse anamfuatilia hatua kwa hatua, mpaka anaupata mwili wake. Haukuzikwa. Ulikuwa ndani ya chombo cha kioo, umehifadhiwa kama sampuli, ukikaa miongo mingi mahali ambapo watu wa maabara wanapita kila siku.

Mweke Mary kando ya Mona, kisa kinafunguka. Watoto wawili, kila mmoja ameharibiwa na daktari mwenye jina la kulinda. Na katika visa vyote viwili hospitali haikutupa ushahidi. Hospitali haitupi kitu. Inakiandikia namba, inakiweka kwenye rafu, inakifungia kabati. Mwili wa Mary ulikuwa na rafu yake, karatasi ya Mona ina rafu yake. Aliyetaka kujua angejua. Kilichokosekana miaka 75 ni mtu wa kuuliza kwa niaba ya mtoto, na alipopatikana alikuwa kikongwe mmoja ambaye madaktari walimwona mgonjwa wa kujifanya, wakawa wanataka kumrudisha nyumbani.

Hata ile klorini haikuja kwa bahati. Kila kipindi kinaanza kwa kutuambia kwamba mahali ilipojengwa hospitali palikuwa na mabwawa ya kupaushia nguo, ambako wapaushaji walitandaza vitambaa vyao ndani ya ukungu. Hilo halikubuniwa: mtaa wenyewe unaitwa Blegdamsvej, jina linalotokana na mabwawa hayo, na Rigshospitalet ilihamia hapo mwaka 1910. Klorini ndiyo dawa ya kupausha. Mary alipaushwa. Na anachotaka Helmer kwa karatasi ya Mona ni hichohicho, kuifanya iwe nyeupe.

Sasa swali ambalo mtu wa sheria angeuliza: Helmer alikuwa anaogopa nini hasa? Denmark ya 1994 haikuwa nchi isiyo na njia. Bodi ya kitaifa ya malalamiko ya wagonjwa ilikuwapo tangu 1988. Sheria ya bima ya wagonjwa ilianza kazi Julai 1992, na chini yake aliyedhurika na matibabu aliweza kulipwa fidia bila kulazimika kuthibitisha kwamba daktari fulani alizembea. Kwa hiyo, mama wa Mona alikuwa na njia ya kulipwa, na pesa yenyewe isingetoka mfukoni mwa Helmer. Aliloogopa Helmer ni jina. Nalo linabadilisha uzito wa dhambi yake. Haukuwa ugomvi wa mali wala wa jela. Mtoto aliachwa bila maelezo ili mtu mmoja aendelee kuitwa bingwa.

Na fidia bila maelezo haimtoshi mzazi. Nimeona wazazi wanaovumilia habari mbaya kuliko zote mradi tu waelezwe kwa lugha wanayoielewa na mtu anayewatazama usoni. Na nimeona wanaodhoofika mwaka hadi mwaka kwa sababu ya sentensi moja waliyopewa koridoni, "ni matatizo yanayoweza kutokea".

Miaka kama 9 baada ya kipindi cha kwanza, Denmark ilifanya kitu kinachogusa mfupa wa kisa hiki. Mwaka 2003 bunge lilipitisha sheria ya usalama wa mgonjwa, ikaanza kutumika Januari 2004: wahudumu wanatakiwa kuripoti matukio yenye madhara, na aliyeripoti haadhibiwi kwa sababu ya kuripoti kwake. Ilikuwa nchi ya kwanza kuweka mfumo wa namna hiyo kisheria kwa taifa zima. Mwaka 2011 mlango ukafunguliwa kwa wagonjwa na ndugu zao kuripoti wenyewe. Sisemi tamthilia ndiyo iliyoleta sheria. Nasema tu kwamba, ukiwa na sheria ile mkononi, unaona watu wangapi idarani kwa Moesgaard wangeweza kuandika mistari mitano na kulala: nesi wa thieta, mtu wa usingizi, daktari kijana wa zamu. Krogshøj asingehitaji kuishi chini ya jengo ili awe na nguvu. Na mama angeweza kuandika yeye mwenyewe.

Chombo kingine kilikuja Juni 2008, pale Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya kukagua usalama wa upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mmoja chumbani anajitaja kwa jina na kazi yake, mgonjwa na upasuaji vinathibitishwa kwa sauti, na mpasuaji anaeleza anachokihofia. Matokeo ya majaribio katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Watu husifia orodha yenyewe. Mimi nasifia lile la kujitaja jina. Aliyekwisha kusema jina lake mbele ya chumba kizima ni rahisi kwake kusema mara ya pili, pale anapoona presha inaporomoka. Nikimfikiria Helmer akisubiri nesi Mdenmark ajitambulishe, naamini ingekuwa dakika ngumu sana kwake, na huenda dakika ya kumwokoa Mona.

Lawama yangu kwa waandishi ni moja. Katika msimu wa 1997 Helmer yuko mbali na kitanda cha Mona kwa muda mwingi: amerudi kutoka Haiti na sumu ya kumfanya mtu zombi, na anamkusudia Krogshøj. Sehemu ya Haiti nailaumu pia kwa yenyewe, inaifanya nchi nzima kuwa kabati la sumu na uchawi. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa la kweli, lenye saa na dakika, linafunikwa na maajabu. Mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa magonjwa maabara), Bondo, alikwisha kupandikiziwa ini lenye saratani ili alichunguze. Mtoto mchanga anakua kwa siku chache mpaka anafika urefu wa kutisha. Kila ajabu linapoongezeka, sauti ya mama wa Mona inazidi kuwa ndogo. Labda ndivyo walivyotaka. Hospitali halisi nazo zina maajabu yao ya kila siku, dharura mpya, wageni wakubwa, mashine mpya, na kesi ya jana inasukumwa nyuma bila mtu kuamua kuisukuma.

Wawili tu hawasahau. Ni vijana wawili wenye ugonjwa wa Down, kazi yao kuosha vyombo jikoni chini kabisa ya jengo. Wanaongea kwa upole huku mikono iko majini, na wanajua kila kinachotokea juu. Hakuna daktari anayeshuka kuwauliza. Mwaka 1994 ilikuwa nadra kuona waigizaji wenye hali hiyo wakipewa nafasi ya wenye kujua katika hadithi, na nawashukuru walioamua hivyo.

Helmer, mara kwa mara, anapanda juu ya paa. Anatazama ng'ambo ya bahari kuelekea Sweden, kwenye mtambo wa nyuklia wa Barsebäck, anaililia nchi yake na kuwatukana Wadenmark kwa Kiswidi. Järegård anaigiza tukio hilo kwa nguvu kiasi kwamba limekuwa maarufu kuliko mengine yote. Ghorofa kadhaa chini ya viatu vyake kuna kitanda.

Kikao cha kesi hii kingekuwa kwangu, ningetaka kifanyike kando ya kitanda hicho. Moesgaard, Rigmor, Krogshøj na Helmer wote wawepo. Nakala ya karatasi ingekuwa mkononi mwa mama kabla hatujakaa. Ningevuta kiti karibu naye, ningemwonyesha nukta ni nini na alama za presha ni zipi, tungeanza kushoto saa mtoto alipolazwa, twende naye kulia mraba kwa mraba, bila haraka, mpaka afike pale atakapoweka kidole na kuuliza: "Na hapa?"